Tupeane uzoefu: lini ulijua tumbo lako si la duka la dawa tena?

Fundi wa Pipeline (Nakuru): Wadau, jana nikivaa suruali ya matanga nimejikuta na msumari na nyundo mkononi, natoboa mshipi tundu jipya. La pili tangu Krismasi. Sijafunga, sikimbii. Kiungulia ninacho karibu mwaka, dawa za asidi nazitafuna kama njugu. Kila nikienda kupimwa ni taifodi. Mliowahi kufika kwa daktari wa tumbo, ni nini kiliwatoa nyumbani?

Nyar Ahero: Taifodi! Umenitonesha. Mwaka mmoja nimetibiwa taifodi mara nne, na mimi kichwa ngumu nikawa naenda mwenyewe kuomba sindano. Kumbe kile kipimo cha damu kinaweza kusema unayo hata kama uliugua zamani ukapona.

Kondakta Mstaafu: Taifodi na brusela. Ukikosa moja unapewa nyingine.

Nyar Ahero: Sasa ngojeni niwaambie. Shida yangu ilianzia kwenye goti. Nilikuwa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi na jioni, miezi, mara nyingine na chai kavu. Tumbo likawa linaniuma chini ya kifua, hasa usiku. Halafu choo kikawa cheusi. Si cheusi cha kawaida, ni kama lami, kinanata na kinanuka vibaya. Nikajiambia ni osuga, yaani mnavu, maana tulikuwa tunakula osuga kila siku. Jumapili niko soko la Kibuye nanunua nyanya, nikaona mwanga unapungua kama mtu anafunga pazia. Nikaamka nimelala juu ya gunia la omena la mtu, mwenye omena analia kuliko mimi. Hospitali nikaongezwa damu chupa mbili. Daktari kijana sana, wa kuzaliwa na mimi, akaniuliza, "Mama, choo chako kina rangi gani?" Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza hilo. Kesho yake nikaingizwa kamera: kidonda kinavuja damu, na bakteria wa H. pylori juu yake. Nilipewa antibayotiki aina mbili na omeprazo ya kupunguza asidi, siku 14, na diklofenaki nikakatazwa. Sijaumwa tena.

Mkulima Njoro: Pole dada. Lakini vidonda ni mawazo na pilipili. Juisi ya kabeji mbichi, wiki tatu, kwisha.

Muuguzi wa Zamu: Mkulima, hiyo ya mawazo ilikufa zamani. Barry Marshall wa Australia alikunywa hao bakteria mwenyewe mwaka 1984, tumbo likachafuka. Yeye na Robin Warren wakapewa Nobel mwaka 2005. Hawakupewa kwa kabeji.

Mkulima Njoro: Mimi nimesema imenisaidia MIMI.

Mama Wawili: Ukinywa vidonge vya kuongeza damu choo pia kinakuwa cheusi, msikimbie ovyo. Mimi mjamzito nilimaliza usiku mzima nalia.

Binti Mumias: Nimesoma hapa nikaweka simu chini, nikairudia. Baba yangu alianza kusukuma ugali kwa maji. Tukawa tunamcheka mezani, eti amezoea kula haraka kama mwanafunzi wa bweni. Baada ya mwezi akaacha nyama. Halafu akaacha ugali, na mtu wa kwetu akiacha ugali ujue. Ikawa uji. Shangazi akasema amelishwa kitu, akapelekwa kwa mama mmoja anayefyonza tumbo kwa pembe, akatoa vinyweleo na kipande cha mfupa, tukalipa kuku wawili na pesa. Baba akawa anatema hata mate, ana kikopo chake kando ya kitanda. Hapo ndipo ndugu yangu akakodisha gari bila kumuuliza mtu. Kamera haikupita. Ilifika katikati ya umio, ile njia ya chakula, ikagota kwenye uvimbe. Waliweka bomba la waya la kupitishia chakula. Jioni ile akaomba uji wa wimbi, akanywa kikombe kizima, akakigeuza atuonyeshe kimeisha. Tulikaa naye miezi saba. Kile kicheko cha mezani bado nakisikia.

Kondakta Mstaafu: Pole sana binti yangu.

Mama Wawili: Aki pole. 😢 Alikuwa mtu wa chang'aa?

Binti Mumias: Hakuwahi kuionja. Chai tu, inayochemka.

Muuguzi wa Zamu: Pole dada. Hiyo chai nayo ni neno. Mwaka 2016 shirika la saratani la WHO lilisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Na huku kwetu ugonjwa huu uko. Hospitali ya Tenwek kule Bomet wamewatibu wengi, hata vijana wa chini ya miaka 30.

Mkulima Njoro: Najua mnakoelekea. Mnataka kusema ni mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, inayoleta saratani.

Kondakta Mstaafu: Nani ametaja mursik?

Mkulima Njoro: Bomet imetajwa. Babu yangu alikunywa mursik hadi akazika watoto wake.

Kondakta Mstaafu: Hiyo si sifa, mzee.

Kaptembwo Finest: Nipunguze joto kidogo. Mimi nilikuwa natoa damu nikienda haja, nikapaka dawa ya bawasili miezi sita. Kaka yangu alikufa na saratani ya utumbo mpana, na bado nikapaka. Daktari aliposikia habari za kaka aliacha kuandika, akaniangalia. Kamera ya kutoka chini. Sasa, kabla yake unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, mtungi mzima, na mimi naishi ploti ya nyumba nane, choo kimoja. Nilizunguka mlango kwa mlango kuomba radhi mapema. Usiku huo Mama Shiko alipiga foleni ya choo hadi akaenda kwa jirani wa ng'ambo. Walipata kinundu, wakakikata palepale, hakikuwa kibaya bado. Ploti nzima iliniuliza matokeo.

Nyar Ahero: 😂😂 Haki ya ploti.

Muuguzi wa Zamu: Na mwenye uzi mmemsahau. Fundi, kupungua bila sababu, kiungulia cha mwaka, tayari hufai kuwa dukani. Una miaka mingapi? Chakula kinakwama? Umewahi kutapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa?

Fundi wa Pipeline: 52. Kutapika, hapana. Kukwama… chapati, kidogo. Nilidhani ni mpishi.

Binti Mumias: Fundi, nakuomba.

Kondakta Mstaafu: Chukua barua ya rufaa kutoka hospitali ndogo kwanza, na uulizie SHA, ile bima ya afya ya serikali, kabla ya kutoa shilingi. Na usiende peke yako, ile sindano ya usingizi inakuacha kama mlevi.

Mkulima Njoro: Mimi niko Nakuru Jumatatu kwa mbegu. Nitakupeleka. Kabeji sitabeba.

Fundi wa Pipeline: Nimepata nafasi ya Jumatatu saa mbili. Mama watoto amekaanga samaki Jumapili hii, nale ama nisile?

Muuguzi wa Zamu: Kula mapema, na kidogo. Usiku fuata ile karatasi waliyokupa, hata chai. Hata iliyopoa.