Vekta laki 2 za maswali ya wakulima: pgvector, MariaDB au databesi ya pembeni?

kitasa_cha_nyuma
Wakuu habari za jioni. Nina mfumo wa maswali ya wakulima yanayoingia kwa SMS, kila kitu kipo PostgreSQL, maswali kama laki 2 pamoja na majibu ya mabwana shamba. Kutafuta kwa LIKE, yaani kwa kulinganisha herufi, kumegoma, huyu anaandika "mahindi yangu yanageuka njano" yule anaandika "majani ya mahindi yamepauka kama yana homa", shida ni ileile ila hakuna neno la maana linalofanana zaidi ya mahindi. Nimeshayapitisha yote kwenye modeli ya multilingual-e5-large, kila swali linatoka na namba 1024, yaani vekta inayobeba maana yake. Sasa naziweka wapi? pgvector (kiongezi cha vekta cha Postgres) humuhumu, nihamie MariaDB maana nao sikuhizi wana vekta, au nisimamishe Qdrant, databesi ya vekta, pembeni? Seva ni moja, RAM 4GB, na msimamizi ni mimi mwenyewe nikishatoka kazini.

mzee_wa_bakapu
Usihame mkuu. Piga hesabu kwanza: kila namba inakula baiti 4, mara 1024 ni 4096, ongeza baiti 8 za juu, mara laki 2 unapata kama MB 820. Hiyo ni data tupu, ukiweka indeksi ya HNSW (mtandao wa vekta jirani wa kuharakisha utafutaji) nayo inabeba nakala yake ya vekta so hesabu mara mbili na zaidi. Kwa 4GB inabana lakini inaingia. Ukitaka nafuu tumia halfvec, baiti 2 kwa kila namba, MB 820 zinakuwa 410 na kitu.
Databesi ya pembeni si mbaya ila jiulize mkulima akifuta swali lake Postgres nani anaenda kufuta vekta yake kule? Wewe, saa nne usiku. Ndani ya Postgres unaweka ON DELETE CASCADE, swali likifutwa na vekta yake inafutika, unalala, na pg_dump moja ya bakapu inabeba vyote.
Halafu jina la kuwasha ni CREATE EXTENSION vector, sio pgvector. Wengi wanakwama hapo wanadhani hawajainstoo.

chapo_dev
Niaje. Mi niko MariaDB na sijutii, kuanzia 11.8 ambayo ni toleo la muda mrefu vekta ziko ndani kabisa, huinstoi kitu kingine. Unaandika VECTOR(1024), unaweka VECTOR INDEX, unapanga kwa ukaribu na VEC_DISTANCE_COSINE, kwisha. Kitu moja tu, kolamu yenye indeksi ya vekta lazima iwe NOT NULL, so ile mtindo ya kuingiza swali sasa hivi na vekta ikuje baadaye na cron (kazi ya ratiba) haiwezi kwa tebo hiyohiyo. Mi niliweka tebo ya kando.
Lakini kwako buda sioni sababu, uko Postgres tayari. Na usichanganye na MySQL, hiyo ilileta aina ya VECTOR kwa 9.0 mwaka 2024 lakini ile toleo ya bure ilikuwa inakuwekea tu vekta, function ya kupima umbali waliiweka kwa huduma zao za kulipia.

dada_kweri
Mbona mnakimbilia indeksi? Bila indeksi pgvector inapitia safu zote na jibu linatoka sahihi kabisa, HNSW ndo inakisia ili iwahi. Kaka, watumiaji wako wanachagua zao la shamba na mkoa kwanza? Kama ndiyo, btree, ile indeksi ya kawaida, kwenye zao na mkoa inakuachia maswali elfu moja au mbili, hizo zinapimwa zote fasta tu, hiyo HNSW ya kazi gani.

kitasa_cha_nyuma
Dada wanachagua ndiyo, ila sio wote. Na nilishawahi kuweka HNSW jana kabla sijasoma hapa 😅 nikachuja mkoa Njombe zao viazi, LIMIT 10, yakarudi mawili! Na viazi Njombe najua yapo mamia. Nikadhani data imepotea.

dada_kweri
Haijapotea. HNSW inaokota wagombea kwanza, idadi yao ni hnsw.ef_search, kwa kawaida 40, halafu ndo WHERE yako inawapitia hao 40. Kama kati yao wa viazi Njombe ni wawili, unapewa wawili, na hakuna eror yoyote. Ukiwa na pgvector 0.8.0 kwenda juu weka SET hnsw.iterative_scan = strict_order, inaendelea kuokota mpaka ijaze LIMIT au ifike ukomo wake. Chini ya hapo pandisha ef_search, au toa indeksi kama nilivyosema.
IVFFlat, indeksi nyingine ya pgvector, ni nyepesi kujenga lakini lazima data iwepo kwanza maana inagawa mafungu kwa kuangalia kilichomo, na probes ikibaki 1 inaangalia fungu moja tu. Kwa laki 2 anza na lists (idadi ya mafungu) 200.

fundi_wa_zamu
Mnabishana kuhusu sanduku wakati shida huwa kwenye kilichowekwa ndani. Mi niliumia hivi: nilianza na e5-large kama wewe, baadaye nikasikia modeli ya bge-m3 nzuri nikaibadilisha kwenye kodi, maswali mapya yakawa yanatoka bge-m3 ya zamani yamebaki e5. Zote mbili zinatoa 1024! Databesi ikapokea bila kunung'unika, miezi miwili utafutaji unaleta vioja, ukiuliza kuku unapewa mbolea, na mi nalaumu indeksi, najenga upya kila wikiendi. Vekta za modeli mbili huwezi kuzipima pamoja, ni kama kulinganisha kilo na lita.
Weka tebo ya pembeni: swali_id, modeli, hashi (alama fupi) ya maandishi, vekta. Modeli inakuwa sehemu ya ufunguo, kila kweri inasema WHERE modeli = hii. Hashi inakwambia swali lililohaririwa ili uligeuze upya hilo tu. Ukibadilisha modeli unajaza mpya pembeni ya zamani, unapima, ndo unafuta.
Swali moja: kwenye e5 uliweka "query: " na "passage: " mbele ya maandishi?

kitasa_cha_nyuma
Kuweka nini?

fundi_wa_zamu
e5 ilifundishwa hivyo. Kilichohifadhiwa kinaanza na "passage: ", anachoandika mtafutaji kinaanza na "query: ". Na yabaki hivyohivyo kwa Kiingereza hata kama swali ni Kiswahili. Kwako ni swali kwa swali, so weka "query: " pande zote mbili. Usipoweka inafanya kazi ila ovyo.

chapo_dev
Weeh. Laki 2 zote?

kitasa_cha_nyuma
Zote zimeingia tupu. Basi nabaki Postgres, tebo ya fundi, btree ya dada, HNSW nimeshaifuta. Nawasha kugeuza upya usiku huu kwenye laptop, TANESCO wasikate tu.

mzee_wa_bakapu
Andika kila elfu moja ikiisha, usisubiri mwisho.