Kampuni inataka kusimamia madeni yangu yote kwa malipo: sheria ya Uganda inaibana vipi?

duka_arua

Habari zenu. Nina madeni matatu: SACCO milioni 4 yenye wadhamini wawili, mkopeshaji binafsi milioni 2 kwa riba ya 10% kwa mwezi, na mkopo wa programu ya simu 350,000. Kuna kampuni inayosema niipe 500,000 kila mwezi, yenyewe itagawa na kuzungumza na wadai. Wanataka 400,000 za kufungua faili, halafu 15% ya kila malipo. Tena wanataka kitambulisho changu halisi, namba ya siri ya pesa za simu, na nisaini fomu ya kuhamisha kiwanja "kama dhamana tu". Wana wajibu gani kwangu kisheria? Na wakila pesa, nidai wapi?

karani_wa_faili

Ndugu, usisaini chochote kwanza.

Usitafute leseni ya "kusimamia madeni", maana kazi hiyo haina sheria yake peke yake. Lakini hawaelei hewani. Mtu anayepokea pesa zako na kuongea kwa niaba yako ni wakala wako, na Sheria ya Mikataba ya 2010 inamfunga: afuate maagizo yako, akupe hesabu ukimdai, akukabidhi alichopokea kwa jina lako, wala asijipatie faida ya siri kwenye shughuli yako. Akilipwa kamisheni na mkopeshaji wako bila wewe kujua, hapo amekwisha kuvunja wajibu. Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa kitu kinachozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Wa kwako unazidi hapo mwezi wa pili tu, kwa hiyo wakisema "tunaaminiana", ondoka.

Mkataba utaje akaunti ya benki ambamo pesa za wateja zinakaa peke yake, mbali na za mishahara na kodi ya ofisi. Utaje siku ambayo kila mdai atalipwa, na risiti ya kila mdai ikufikie wewe. Hapo kwenye siku ndipo watu wanaumia. Wewe unatoa pesa tarehe 28, SACCO inatarajia rejesho tarehe 30, wakala anatuma tarehe 6. Kwenye vitabu vya SACCO umechelewa, na wanaweza kuanza kuwabana wadhamini wako. Makubaliano yako na kampuni hayamfungi mdai ambaye hakuyasaini. Dai barua ya kila mdai, yenye muhuri na sahihi yake, inayokubali ratiba mpya. Ahadi ya "tumeshaongea nao" haikusaidii kitu mbele ya hakimu.

Ukitaka mpango unaowafunga wadai wote, njia yake imo kwenye Sheria ya Ufilisi ya 2011. Unaomba mahakama amri ya ulinzi ya muda, wadai wanaitwa kikao, wakipitisha mpango unasimamiwa na mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa. Hao ni mawakili, wahasibu au makatibu wa kampuni wenye sifa, na usajili wao unaulizwa kwa Mpokeaji Rasmi, ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, pale URSB, ofisi ya usajili wa kampuni. Angalia tu kwamba mdai aliyeshikilia mali yako kama dhamana habanwi na mpango huo bila ridhaa yake. Kwa madeni ya ukubwa wako gharama zake huenda zikawa nzito, lakini waulize hao jamaa: kati yenu nani amesajiliwa? Kama hakuna, hawana uwezo wa kumzuia mdai yeyote kwenda mahakamani. Wakisema watakuandikia hati za kesi, waulize wakili wao ni nani, maana asiye wakili kufanya kazi ya wakili ni kosa.

Fomu ya kuhamisha kiwanja iliyosainiwa si dhamana. Ni mauzo yanayosubiri kujazwa tarehe, na mhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) haubadilishi hilo. Namba ya siri usimpe mtu yeyote.

hesabu_kwanza

Naongeza upande wa pesa, kwa sababu huenda humhitaji wakala hata kidogo.

Ada yao: 15% ya 500,000 ni 75,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 900,000, weka na za faili, 1,300,000. Hizo zote hazipunguzi deni hata shilingi moja.

Sasa mkopeshaji binafsi. Mwishoni mwa 2024 Waziri wa Fedha aliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji binafsi: 2.8% kwa mwezi, yaani 33.6% kwa mwaka. Kwa milioni 2 hiyo ni 56,000 kwa mwezi. Wewe unatozwa 200,000. Hizo 144,000 zinazozidi ndizo za kupigania kwanza. Mkopo ulisainiwa lini? Kama ni baada ya tangazo, mwandikie barua adai kwa kiwango halali. Kama ni kabla, sheria ya 2016 ya mikopo midogo na wakopeshaji inairuhusu mahakama kufungua upya mkataba wenye masharti ya kikatili. Kikomo hicho hakigusi SACCO wala benki, usichanganye.

Pia una haki ya kumwomba mkopeshaji taarifa ya mkopo: msingi, kilicholipwa, riba, kilichobaki. Omba kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Angalia leseni yake kutoka UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji na mikopo midogo. Ni ya mwaka mmoja na inakwisha 31 Desemba, kwa hiyo ya mwaka jana iliyoning'inia ukutani haitoshi. Na kama anashikilia kitambulisho chako cha taifa au kadi ya ATM, amevunja kanuni. Peleka malalamiko UMRA.

duka_arua

Asante sana. Mkopeshaji ni Februari 2025. Na wale wa programu wameanza kuwapigia watu walio kwenye simu yangu na kuwaambia nadaiwa.

karani_wa_faili

Februari 2025 ni baada ya tangazo, barua iandike wiki hii.

Kuhusu hao wa programu: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakataza kutoa habari zako binafsi kwa watu wengine bila haki. Adhabu ni faini hadi pointi 245, sawa na shilingi milioni 4.9, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa hadi 2% ya mapato yake ya mwaka. Malalamiko yanakwenda Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Waombe waliopigiwa wakupe picha za ujumbe zenye namba, tarehe na saa. Bila hizo malalamiko yanakuwa maneno matupu. Ofisi hiyo pia ina orodha ya waliosajiliwa kukusanya data, na kampuni ya madeni nayo inapaswa kuwamo humo.

Wakila pesa zako: dai lisilozidi milioni 10 linaingia kwenye utaratibu wa madai madogo, mahakama ya hakimu, bila wakili. Anza na barua ya kudai, kisha uende kwa karani na mkataba, risiti na taarifa ya pesa za simu inayoonyesha kila muamala. Lipa kwa akaunti ya jina la kampuni, kamwe si kwa namba ya simu ya mfanyakazi, la sivyo watasema hawakuzipokea.

hesabu_kwanza

Na wadhamini wako wa SACCO waambie leo, kabla hujaongea na wakala yeyote. Nendeni pamoja kwa meneja mkaombe ratiba mpya ya maandishi. Hiyo unaomba mwenyewe, hulipi 400,000.