Naomba ushauri: daftari la kumbukumbu, la kwangu au la wanangu?

Habari zenu wakuu. Nina daftari ninaloandika simulizi za mama. Alikuwa binti mdogo wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, familia yao ilipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Wanangu wanasoma Azimio la Arusha la 1967 shuleni, lakini usiku wa kwanza kijijini hapo babu yangu alilaza watoto wapi, hakuna wa kuwaambia ila mama. Hiyo ndiyo sababu niliyoanza nayo.

Sasa humohumo naandika na ya moyoni: msiba wa baba, mambo ya ndoa. Nikishaandika napata nafuu kweli. Ila nikikumbuka wanangu watasoma, kalamu inasita.

Nimejaribu kutenga madaftari mawili, simulizi za mama zikawa kavu kama muhtasari wa kikao. Nikajaribu kumrekodi kwa simu. Akiiona tu, ananyamaza.

Naomba kuuliza: aliyewahi kuchanganya yote mawili, alifanyaje siku ya kuwapa watoto? Na mama anapotaja ugomvi wa shamba kati ya ndugu ambao bado wako hai, niwaombe ruhusa kwanza au niandike nifiche majina?

Natanguliza shukrani.