Malori ya taka Arusha: umeme au gesi?

Hoja iliyo mezani ni kwamba Jiji liache kununua malori ya taka ya dizeli na lichukue ya umeme. Upande wa pili unataka gesi asilia. Mwenye hesabu aje nayo.

Msimamizi wa karakana: Gesi ni yetu, na fundi wa dizeli akifundishwa anaishika upesi. Kikwazo ni usafiri. Bomba la gesi la Mtwara linaishia Dar es Salaam, kwa hiyo huku itapandishwa na trela zaidi ya km 600. Hata hivyo, naiogopa zaidi betri ambayo hatujui kuifungua.

Fundi umeme: Kaka, trela likikwama Korogwe, taka za soko la Kilombero zinalala pale pale. Lori la taka linaufaa umeme kuliko gari lolote la halmashauri. Linasimama kila hatua chache na jioni linarudi yadi ile ile. Lile la dizeli linachoma mafuta likinguruma limesimama, ili pampu ya haidroli ishindilie taka.

Chukua malori 8, kila moja likila kWh 120 (yaani uniti 120) kwa siku, jumla 960. Ukizigawa kwa muda wa saa 8 za usiku unapata kW 120, na transfoma ya kVA 200 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) inabeba. Yachomeke yote kwa pamoja kwenye chaja za kW 60, yanadai kW 480. Hapo umeme wa yadi unajikata. Hata ukiwa na transfoma kubwa, mteja mkubwa wa TANESCO, shirika la umeme, hulipia kilele cha kVA cha mwezi, yaani mzigo wa juu kabisa aliouvuta, si uniti peke yake. Chaja zipokezane, hili halina mjadala.

Afisa mipango: Na kushuka dampo la Muriet limejaa, si linajichaji, kwa kuwa mota hurudisha umeme kwenye betri likipunguza mwendo?

Fundi umeme: Kidogo sana, dada. Tani 15 zikishuka mita 100 ni kWh 4 tu, kabla ya upotevu. Faida iko kwenye kule kusimama-simama mitaani, na pedi za breka zinadumu.

Msimamizi wa karakana: Umeme ukikatika usiku kucha?

Fundi umeme: Jenereta inatoa kWh 3 hivi kwa lita, kwa hiyo lori moja litakula lita 40. Umerudi kwenye dizeli. Afadhali betri ya kWh 250 inayobeba karibu siku mbili, ingawa ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu na mzigo utapungua.

Mimi nahofia kuosha. Maji ya taka na mpira wa presha vikiingia kwenye viungio vya kebo za rangi ya chungwa, kompyuta inaona umeme unavuja na lori linakataa kuwaka. Viungio viwekwe juu ya fremu, vifunikwe, na mwoshaji aonyeshwe mahali pa kutopiga presha.

Msimamizi wa karakana: Basi zabuni itaje pia aina ya soketi, maana gari la soketi ya Kichina halichomeki kwenye chaja ya Ulaya. Itaje glavu za volti 1,000 na mafunzo ya mafundi wawili kabla lori la kwanza halijafika. Yakikosekana hayo, mimi silipokei.