Umbali na muda wa kuruka kutoka Pemba hadi Unguja

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum. Mwezi ujao ninamsafirisha mama yangu kutoka Pemba hadi Unguja, ambako usiku wa siku hiyo hiyo atapanda ndege ya kwenda Muscat. Nilipotafuta umbali baina ya viwanja hivi viwili, pahala pamoja nimekuta 125 na pengine 68, na muda nao umeandikwa dakika 25 kwengine na 30 kwengine. Naomba mnifahamishe lipi ni sahihi kabla sijakata tiketi.

Fundi Ramani
Wa alaykum salaam. Zote mbili ni sahihi: 125 ni kilomita, na 68 ni maili za baharini, kipimo wanachokitumia marubani, ambapo maili moja ni kilomita 1.852. Huo ni mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Pemba, karibu na Chake Chake, hadi uwanja wa Unguja ulioko Kisauni. Ukiufuata kwenye ramani utaona unaiacha ncha ya kusini ya Pemba, unavuka kilomita kama 70 za bahari tupu, kisha unaingia Unguja maeneo ya Kiwengwa, kisiwa cha Mnemba kikiwa mkono wa kulia. Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, hukata kiasi cha maili 170 za baharini kwa saa, kwa hiyo angani ni dakika 24 hivi. Zinazozidi ni za kutembea ardhini, kupaa na kusubiri zamu ya kutua.

Nahodha Mstaafu
Msisahau upepo. Kaskazi humsukuma anayekwenda Unguja, na kusi humkabili. Upepo wa maili 20 kwa saa ukija mbele kabisa, dakika 24 huwa 27. Ukija nyuma, huwa 21 na nusu. Tofauti yote haifiki dakika 6, hivyo isikukoseshe usingizi.

Bint Chake
Ndugu yangu, acha kuhesabu dakika za angani. Nilipomsindikiza shangazi yangu, mvua ilituweka Pemba saa moja na nusu, na mzani ulipokataa kikapu chake cha halua kwa kuwa mwisho wa mzigo ulikuwa kilo 15, tulibishana mpaka abiria wote wakatuangalia. Ukifika Unguja, bi mkubwa itabidi achukue mzigo wake na kuhamia jengo la tatu, linalotumika kwa safari za nje, na huko hutakiwa afike muda wa saa tatu kabla ya kuruka. Ndege yake ikiwa ni ya saa moja usiku, mimi ningemkatia ya asubuhi, si ya mchana.

Mkaazi wa Wete
Nawashukuru nyote. Nitakata ya asubuhi, na halua nitaitanguliza kwa boti siku mbili kabla, kaka yangu aipokee bandarini Malindi, Unguja.