Anavuruga kipindi cha Hisabati tu, nifanyeje?

Mwalimu wa Nne: Habarini wakuu. Nafundisha darasa la nne, shule ya serikali, watoto zaidi ya sabini. Kuna mmoja, ikifika Hisabati hakaliki. Anagonga dawati, anamchokoza wa pembeni, analia kama mbuzi, darasa zima linacheka. Nikimtoa nje anatulia, kesho yale yale. Mwenzangu anasema nimchape. Mwaka huu wana upimaji wa kitaifa na wenzake wanakosa somo. Naombeni ushauri, mtoto mwenyewe namhurumia.

Chaki Nyeupe: Viboko hapana, mwalimu. Hata waraka wa elimu wa Tanzania wa 2002 unataka visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Ukimchapa kwa hasira katikati ya kipindi umeshavunja utaratibu, na hesabu bado hajui.

Mama Wawili: Umesema Hisabati tu. Ukimtoa nje anapata nini? Anazikwepa hesabu. Kwako ni adhabu, kwake nafuu. Angalia fujo inaanza saa ngapi: unapoeleza, au ukishaandika maswali ubaoni? Na hakikisha ubao anauona.

Mwalimu wa Nne: Ubao anauona. Leo nilipokuwa naeleza alitulia kabisa. Nilipoandika maswali ya kugawanya tu, akaanza. Nimefungua daftari lake: jedwali la mbili na la tano anajua, la saba na la nane kaacha wazi.

Mama Wawili: Basi usimpe kumi kama wenzake. Mpe matatu ya kugawanya kwa mbili, na umpitie kabla hajaanza fujo. Akimaliza, msifie kwa alichofanya: "Umemaliza yote bila kuinuka." Mwonyeshe pia namna ya kuomba msaada, asimamishe penseli akikwama. Ule mlio wa mbuzi upuuze. Siku za mwanzo utazidi, maana anakitafuta kile kicheko. Ukimtoa nje siku hiyo, umemfundisha kwamba akizidisha fujo atafanikiwa. Ila akimuumiza mtu usipuuze, watenganishe.

Chaki Nyeupe: Wanaocheka ni kazi nyingine. Sifia safu inayoendelea kuandika, wengine watafuata.

Mwalimu wa Nne: Asanteni sana, naanza Jumatatu. Mzazi nimwite sasa?

Mama Wawili: Mwite, lakini anza na anachokijua, jedwali la mbili na la tano. Ukianza na makosa, mtoto atachapwa nyumbani.