Tupeane uzoefu: marejeo yaliyokutoa jasho kwenye tasnifu

Mleta mada
Wakuu, habari za usiku. Tangu asubuhi napitia orodha ya marejeo ya tasnifu yangu, mstari kwa mstari. Yako 96. Matatu siyaoni popote. Maktaba nimetafuta, mtandaoni nimetafuta, mafaili yote kwenye kompyuta nimefungua, hakuna. Majina ya waandishi nayakumbuka, miaka naiona, ila kazi zenyewe sijui nilizipatia wapi, na moja sina hakika kama niliisoma. Nakabidhi Ijumaa.

Nimekumbuka shahada ya kwanza, nilipopewa sifuri kwa sababu ya aya moja niliyoibeba nzima. Jina la mwandishi niliweka mwishoni mwa aya, nikaamini inatosha. Mwalimu akaniambia: jina linaonyesha wazo limetoka wapi, alama za kunukuu ndizo zinaonyesha maneno ni ya nani. Mliopita njia hii, yaliyowakuta ni yapi?

Mchangiaji wa 2
Aya kama hiyo ilinirudisha nyuma mwaka mzima. Pole sana mkuu.

Mchangiaji wa 3
Mimi ni ripoti ya Turnitin, ile programu ya kulinganisha maandishi yako na ya wengine. Ilikuja asilimia 31, usiku ule sikulala. Asubuhi msimamizi akaifungua mbele yangu: sehemu kubwa ilikuwa orodha ya marejeo, maswali ya dodoso na nukuu ndefu nilizozitaja vizuri. Akaviondoa, zikabaki 8. Mwenzangu alikuwa na asilimia 6 tu akaitwa kwenye kamati, maana zile 6 zote zilikuwa kipande kimoja kutoka sehemu moja. Ile namba inahesabu maandishi yanayofanana, haijui nani kaiba. Fungueni ripoti yenyewe muisome, msiishie kwenye namba ya juu.

Mchangiaji wa 4
Mnajipa kazi bure. Ukishaandika kwa maneno yako, hayo ni yako. Chanzo unataja ukinukuu neno kwa neno.

Mchangiaji wa 5
Hapana mkuu, utawaponza watu. Maneno ni yako, wazo ni la mwenyewe. Kubadilisha maneno hakukufanyi wewe uliyekwenda kukusanya data.

Mchangiaji wa 4
Kwa hiyo kila sentensi iwe na mabano? Nani atasoma?

Mchangiaji wa 6
Si kila sentensi. Kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, hakuna atakayekudai chanzo. Ila ukisema wanafunzi wa namna fulani hufeli zaidi, hapo mtu ana haki ya kuuliza nani kasema.

Mchangiaji wa 7
Nimesoma "sina hakika kama niliisoma" mikono ikapoa. Ngoja niseme, sijawahi kuisimulia.

Nilikuwa natetea tasnifu ya uzamili. Sura ya pili ilikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote, hoja yangu nzima imeegemea pale. Niliitoa kwenye tasnifu ya mtu aliyenitangulia, pamoja na mabano yake: jina, mwaka, ukurasa wa 47. Makala yenyewe sikuwahi kuifungua.

Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mpole, mda wote ananitia moyo. Kwenye nakala yake kulikuwa na kikaratasi kimoja tu cha njano. Akafungua hapo, akauliza, "Huu ukurasa wa 47, uliusoma?"

Nikasema ndiyo.

Akatoa jarida kwenye mkoba, akalisogeza juu ya meza mpaka mbele yangu. "Nisomee." Nikafungua. Makala inaanza ukurasa wa 112, inaishia wa 130. Ukurasa wa 47 ni wa mtu mwingine kabisa, mada nyingine. Nikabaki napekua kurasa zilezile mbele na nyuma, chumba kimya. Kisha akasema taratibu, "Huyu alinifundisha. Makala hii aliiandika kupinga hicho unachosema anakisema."

Nilipewa miezi sita ya marekebisho. Kati ya marejeo 84, nilikuta 23 sikuwa nimeyafungua. Nimeyasoma yote. Kilichoniuma mpaka leo ni ile ndiyo.

Mchangiaji wa 8
Nimeisoma nimesimama.

Mchangiaji wa 5
Samahani, hapo ulidanganya. Ungesema hujasoma.

Mchangiaji wa 7
Ndivyo nilivyoandika. Sijajitetea.

Mchangiaji wa 9
Mwacheni, amesema kweli mbele za watu. Na hayuko peke yake, hata maprofesa yamewakuta. Mnakijua kisa cha spinachi? Kwamba watu waliamini ina madini ya chuma mara kumi ya kiasi halisi kwa sababu mtu alikosea nukta ya desimali? Terence Hamblin alikiandika mwaka 1981 kwenye British Medical Journal bila kuweka chanzo. Wengine wakakinukuu, wengine wakawanukuu hao. Mwaka 2014 Ole Bjørn Rekdal akaonyesha kwenye jarida la Social Studies of Science jinsi kisa chenyewe kilivyosambaa bila ushahidi. Yaani hadithi ya kuonya watu wasiamini ovyo, nayo iliaminiwa ovyo.

Mchangiaji wa 10
Ukishindwa kupata kazi ya asili, andika "kama alivyonukuliwa katika" halafu umtaje uliyemsoma. Kwa APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, kwenye orodha anaingia huyo uliyemsoma tu.

Mchangiaji wa 11
Tumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni ya bure. Utasahau shida zote.

Mchangiaji wa 12
Usiiache peke yake. Yangu ilileta majina kwa herufi kubwa tupu, mengine bila mwaka. Mimi nina daftari: siku nilipoisoma, ukurasa, nukuu. Sijapoteza hata moja.

Mchangiaji wa 2
Na mji wa mchapishaji mnaweka au hamuweki? Mimi nilikatwa alama.

Mchangiaji wa 10
APA toleo la 7, la 2019, limeuondoa. Lakini soma mwongozo wa idara yako, huo ndio utakaosahihishiwa.

Mchangiaji wa 13
Akili mnemba nayo msiitume kuleta marejeo. Mimi ilinipa matano, mawili hayapo duniani, na DOI (namba ya kutambulisha makala mtandaoni) ya la tatu ikanipeleka kwenye makala ya samaki. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT.

Mchangiaji wa 4
Nimerudi kusoma ya mchangiaji wa 7. Lile la maneno yako nalifuta.

Mleta mada
Wakuu, asanteni. Mawili nimeyapata. La kwanza ni sura ndani ya kitabu cha waandishi wengi, niliweka jina la mhariri badala ya aliyeandika sura, ndiyo maana halikuwa linaonekana. La pili nilikosea herufi moja ya jina. La tatu nimetafuta mpaka sasa hivi, saa saba usiku. Nimelifuta, pamoja na aya mbili zilizokuwa zimeliegemea, na msimamizi nimemwandikia kumweleza kwa nini sura ya pili imepungua.